Uliza Sukari, Usiulize Povu: Vidokezo kwa Watengeneza Mvinyo wa Nyumbani

"Umekwisha?" Hilo ndilo swali linaloulizwa kuliko yote pembeni ya ndoo ya mvinyo, iwe ya rozela, ya ndizi mbivu au ya zabibu za Dodoma. Wazee wetu hawakuwa na haja kubwa ya kuliuliza. Mnazi hugemwa asubuhi ukiwa mtamu, jioni umeshapanda, kesho yake ni tembo kali. Iringa na Njombe ulanzi huanza mtogwa na kuishia mkangafu, na mbege ya Kilimanjaro huletwa kwenye kata ikiwa bado na uhai wake. Vinywaji hivyo havingojwi vimalize safari. Hunywewa njiani, kila mtu kwa hatua aipendayo, kisha chungu kinaoshwa.

Mvinyo una desturi tofauti. Unatiwa kwenye chupa, unazibwa, unawekwa kabatini kwa miezi, na chochote kilichobaki ndani siku ya kuziba kitaendelea na kazi yake bila wewe kukiona. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo "kwisha" kuna maana moja tu, kwamba sukari ambayo hamira hiyo inaweza kuila imeisha. Ukishalishika hilo, kila dalili unayoambiwa na jirani utaweza kuipima mwenyewe: je, inanieleza habari za sukari, au inanieleza habari za kitu kingine?

1. Andika namba ya kwanza kabla hujatia hamira

Kama kuna kifaa kimoja cha kununua, kiwe haidromita. Ni mrija wa kioo uliozibwa, wenye uzito chini na vipimo shingoni. Kimiminika kikiwa kizito kwa sukari, mrija huelea juu. Sukari inapoliwa, unazama. Aliyewahi kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia ameshamwona ndugu yake, laktomita. Usiazime laktomita lakini: vipimo vyake vimewekwa kwa ajili ya uzito wa maziwa tu, na mvinyo huwa nje ya vipimo hivyo mwanzoni na mwishoni pia.

Maji matupu husoma 1.000. Maji ya rozela yaliyotiwa sukari mpaka kufikia gramu 200 katika kila lita ya mchanganyiko husoma karibu 1.077. Andika namba hiyo kwenye karatasi pamoja na tarehe, saa na joto la siku, uibandike kwenye ndoo. Usiiweke kichwani. Namba ya mwanzo ndiyo inayokupa maana ya namba zote zitakazofuata, na ndiyo itakayokujulisha ukali wa kinywaji chako: chukua ya mwanzo, toa ya mwisho, zidisha kwa 131. Ukianza 1.077 na kuishia 0.995, una mvinyo wa asilimia kumi na kidogo ya kilevi.

2. Povu ni dalili, si ushahidi

Wengi wetu tunatumia ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, mpira mwembamba ukatoka pale na kutumbukia kwenye chupa ya maji. Ni njia nzuri sana. Gesi inatoka, hewa na nzi haviingii. Tatizo linaanza pale mtu anapoufanya ule mpira kuwa saa yake.

Mpira unaweza kunyamaza ilhali mvinyo haujafika hata nusu. Kifuniko kimelegea kidogo, gesi inapita pembeni, na chupa ya maji imetulia tuli. Au usiku umekuwa wa baridi na hamira imesinzia. Kinyume chake nacho hutokea: mvinyo uliokwisha kabisa unaweza kuendelea kubwabwaja. Gesi nyingi hubaki imeyeyuka ndani ya mvinyo, na jua la saa nane mchana linapoupasha ukuta wa jikoni, gesi hiyo hutoka taratibu bila hamira kufanya kazi yoyote. Kwenye mvinyo wa zabibu kuna bakteria pia ambao hubadili asidi kali ya tunda kuwa asidi laini na kutoa gesi kidogo. Unaona viputo, sukari haipo.

Kwa hiyo, viputo vinapopungua, chukua hilo kama taarifa kwamba wakati wa kuanza kupima umefika. Basi.

Na kwa kuwa tumetaja gesi: ndoo ya lita 20 iliyotiwa kilo nne za sukari hutoa zaidi ya lita 1,000 za kaboni dayoksaidi mpaka imalize. Ni gesi nzito kuliko hewa, hutuama chini. Usiweke ndoo kadhaa kwenye chumba cha kulala kilichofungwa madirisha, hasa pale watoto wanapolala sakafuni.

3. Namba ile ile, mara tatu, na iwe ya chini

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningekichagua kama ningeruhusiwa kimoja. Viputo vikipungua, pima. Baada ya siku mbili pima tena. Baada ya siku mbili nyingine pima mara ya tatu. Namba zote tatu zikiwa sawa, na ziko mahali ambapo mvinyo mkavu huishia, yaani kati ya 0.990 na 0.998, umekwisha.

Masharti yote mawili lazima yatimie. Namba isiyobadilika peke yake haitoshi, kwa sababu mvinyo uliokwama nao haubadiliki. Namba ya chini peke yake haitoshi pia: 0.998 ya leo inaweza kuwa 0.993 ya keshokutwa, na tofauti hiyo ndogo ikifungiwa kwenye chupa ni habari kubwa, kama utakavyoona kwenye kidokezo cha 12.

Watu hushangaa namba inaposhuka chini ya ile ya maji. Kilevi ni chepesi kuliko maji. Kikiwa peke yake huwa na uzito wa 0.789 hivi. Sukari ikiondoka na kilevi kikachukua nafasi yake, mchanganyiko mzima unakuwa mwepesi kuliko maji ya bombani. Ndiyo maana mtu anayesimama 1.000 akidhani amefika mwisho huenda bado ana kipande cha safari.

Namna ya kupima ina adabu zake. Chovya kikombe kilichochemshwa, mimina kwenye chombo chembamba na kirefu, halafu tikisa au koroga mpaka gesi itoke. Viputo vinavyong'ang'ania haidromita huinyanyua na kukupa namba ya juu ya uongo. Izungushe kidogo kwa vidole ivue viputo vilivyobaki. Inamisha kichwa mpaka jicho liwe sawa na uso wa mvinyo, na usome pale uso ulipo bapa, si pale unapopanda kwenye kioo. Ukimaliza, kunywa ulichopima au kimwage. Usikirudishe ndooni.

4. Kumbuka joto la kwenu

Haidromita nyingi zimetengenezwa zisome sawasawa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Angalia imeandikwa nini kwenye karatasi iliyo ndani ya mrija. Jikoni Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huwa nyuzi 30 bila shida. Kwenye joto hilo kimiminika kimepanuka, mrija unazama zaidi, na namba inasoma chini kwa takriban 0.002 hadi 0.003. Ukisoma 0.996 kwenye nyuzi 30, ukweli uko karibu na 0.998 au 0.999. Njia rahisi ya kuondoa usumbufu huu ni kupima saa ile ile kila mara, alfajiri kabla jiko halijawashwa.

5. Huna haidromita? Tumia mizani

Hii naipenda kuliko zote, kwa sababu mizani iko kila mahali na kemia yake haidanganyi. Sukari inapogeuka, karibu nusu ya uzito wake hutoka kama gesi. Ikitoka ndoo inapungua uzito, na uzito uliopotea unakuambia sukari kiasi gani imeliwa. Kilo moja ya sukari ya dukani ikiisha yote, ndoo hupungua karibu nusu kilo.

Rozela inafaa hapa kuliko matunda mengine. Maua yake makavu yakichemshwa hutoa rangi, asidi na harufu, lakini sukari yake ni kidogo mno, hivyo karibu sukari yote iliyomo ni ile uliyoimimina mwenyewe kutoka kwenye pakiti. Unajua umetia kiasi gani, kwa hiyo unajua unasubiri upungufu gani. Kwa ndizi hesabu ni ngumu, kwani ndizi mbivu ina sukari yake ambayo hukuipima.

Ndoo ya lita 20 ni nzito kwa mizani ya jikoni. Ukiwa na ile mizani ya kuning'iniza wanayotumia wanunuzi wa mazao, itumie: uliweka kilo nne za sukari, subiri ndoo ipungue karibu kilo mbili. Kama huna, chota lita tatu za mchanganyiko ule ule siku ya kwanza, weka kwenye chombo chake chenye mpira wake, kando ya ndoo kubwa. Lita tatu zenye gramu 600 za sukari zitapungua karibu gramu 300. Andika uzito kila jioni. Siku za mwanzo utaona makumi ya gramu yakiondoka kwa siku, kisha machache, kisha sindano haitembei tena.

Mambo mawili tu ya kuangalia. Usichote chochote kutoka chombo hicho cha vipimo, maana kila kijiko unachoondoa kinaharibu hesabu. Na ukishaona kidogo kimemaliza, usikimbilie kudhani ndoo kubwa nayo imemaliza. Ipe siku kadhaa za ziada, kwa kuwa chombo kidogo na kikubwa havipati joto sawa.

6. Onja, ila usiuachie ulimi uamuzi

Ulimi unajua mengi. Mvinyo wenye sukari nyingi utausikia mara moja, na huna haja ya kifaa kukuambia uendelee kusubiri. Shida iko mwishoni. Asidi ya rozela hufunika utamu, kiasi kwamba mvinyo wenye gramu kumi za sukari kwa lita unaweza kukukunja uso kama ndimu. Upande wa pili, kilevi chenyewe na gliseroli inayotengenezwa na hamira vina ladha ya utamu utamu, kwa hiyo mvinyo uliokwisha kabisa unaweza kukudanganya kwamba bado.

Mpe jirani aonje bila kumwambia ndoo ni ya lini. "Shoga, huu unauonaje?" Atakachosema kitakusaidia kujua kama mvinyo unapendeza. Kama umekwisha, hapana, hilo halimo kinywani mwake wala mwako.

7. Kung'aa si kukoma

Hamira iliyomaliza chakula hushuka chini na kuacha mashapo ya rangi ya maziwa, na juu mvinyo unaanza kupitisha mwanga. Watu hufurahi hapa na kuanza kuosha chupa. Subirini kwanza. Hamira nyingine hushuka mapema, sukari ingali juu. Mvinyo wa ndizi nao unaweza kuwa umekwisha miezi mingi na bado ukawa na ukungu, kwa sababu ya pektini ya tunda ambayo haihusiani na sukari hata kidogo. Rangi iangalie kwa ajili ya uzuri.

8. Achana na vijiti vya kupimia kisukari

Kuna ushauri unaozunguka kwamba uende duka la dawa, ununue vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo, uchovye kwenye mvinyo. Kijiti kikisema hakuna sukari, eti umemaliza. Ni ushauri unaosikika wa kisayansi na unapotosha kabisa, kwa sababu inayopendeza kuijua.

Sukari ya dukani, hamira huikata kwanza vipande viwili vilivyo sawa: glukosi na fruktosi. Vyote viwili huliwa, lakini hamira hupenda zaidi glukosi na kuimaliza mbele. Sukari inayobaki mwishoni mwa safari kwa hiyo ni fruktosi zaidi. Na kijiti cha mkojo kimetengenezwa kutambua glukosi tu. Kitakuambia "hakuna" katika siku zile zile ambazo kilichobaki ni kile kisichoweza kukiona. Mashine ya kuchoma kidole usiijaribu kabisa, hiyo ni ya damu na iachwe kwa mgonjwa.

9. Ukigota juu, umekwama

Umepima mara tatu. Namba haisogei. Lakini ni 1.030. Huo mvinyo haujakwisha: bado una zaidi ya gramu 80 za sukari kwa lita, na hamira imesimama tu. Kuutia kwenye chupa katika hali hiyo ni hatari kuliko makosa mengine yote, kwani siku yoyote joto likipanda au chupa ikitikiswa, hamira inaweza kuamka.

Tafuta sababu kwa utaratibu huu.

Joto. Hamira hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 28 hivi. Makete au Lushoto mwezi wa saba, usiku unashuka mno, hasa kwa hamira ya mkate. Sogeza ndoo karibu na jiko la kuni, ivike blanketi. Pwani mwezi wa pili tatizo ni kinyume. Hamira yenyewe hutoa joto ikifanya kazi, ndani ya ndoo kukawa moto kuliko chumbani, na ikipita nyuzi 35 inadhoofika na kufa. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, izungushie kanga mbichi, iache upepo uipige.

Njaa. Maji ya rozela na sukari ni chakula kisicho na protini. Hamira inahitaji naitrojeni, na ikikosa husimama, mara nyingi huku ikitoa harufu ya yai viza. Wanaouza vifaa vya mvinyo wana chakula maalumu cha hamira. Bila hicho, chemsha kijiko kikubwa cha hamira ya mkate kwenye maji kidogo mpaka ife kabisa, poza, mimina ndooni: hamira hai italishwa na ile iliyokufa. Asali ina upungufu uo huo, na ndiyo maana mvinyo wa asali hukawia sana.

Ukali. Rozela ni kali kwa asidi, na mwenye mkono mzito wa maua hujikuta na maji ambayo hamira haiwezi kuishi ndani yake kwa raha. Ongeza maji, si sukari. Hamira ya mkate nayo huchoka kilevi kinapokaribia asilimia kumi na kitu. Aliyeanza na sukari ya kufikisha asilimia 16 amejenga ukwamaji wake tangu siku ya kwanza. Hesabu rahisi: kila gramu 17 za sukari katika lita moja hukupa asilimia moja ya kilevi.

Dawa ya kuhifadhi. Kama ulitumia juisi ya dukani, soma lebo. Sodiamu benzoeti, E211, au potasiamu sobeti, E202, zimewekwa mahususi kuzuia hamira isiote, na hapo hakuna blanketi litakalosaidia.

Kuuamsha mvinyo uliokwama, usinyunyize hamira mpya juu na kungoja. Itaingia kwenye kilevi ghafla na kufa. Iamshe kwanza kwenye kikombe cha maji vuguvugu yenye sukari kidogo. Ikishatoa povu iongezee kikombe kimoja cha mvinyo uliokwama, baada ya saa kadhaa kingine, mpaka hamira izoee. Ndipo uimimine yote ndooni.

10. Kwa anayeuliza kuhusu mtambo

Swali hili hutoka pia kwa wanaotaka kutonesha pombe kali. New Zealand, ambako tangu 1996 sheria inamruhusu mtu kutonesha nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, wapenzi wa kazi hiyo hupima mchanganyiko wao kwa haidromita hii hii na kusubiri namba isimame, kwani sukari iliyobaki huungua chini ya chungu na kuipotezea pombe ladha, tena ni kilevi ambacho hawakukipata. Tanzania kutengeneza gongo ni kosa la jinai, na sishauri mtu aliguse. Vipimo vya kujua kama sukari imeisha ni vile vile. Sheria si ile ile, na hatari ya moto na ya sumu haina mfano kwenye mvinyo.

11. Jaribio la chupa ya soda

Hata ukiwa na namba nzuri, fanya hili kabla ya kujaza chupa za kioo. Chukua chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, safi. Tikisa mvinyo kwanza utoe gesi iliyoyeyuka, jaza chupa robo tatu, iminye mpaka mvinyo ufike mdomoni na hewa itoke, kisha ifunge ikiwa imebonyea hivyo hivyo. Iweke mahali pa joto kwa siku tatu au nne.

Ikibaki imebonyea, ni ishara njema. Ikijaa na kuwa ngumu, hamira bado ina chakula, endelea kusubiri. Gharama yake ni chupa ambayo ingetupwa.

12. Kijiko kimoja cha chai

Sasa kwa nini nasisitiza hivi. Gramu nne za sukari kwa lita, yaani kijiko kimoja cha chai, zikichachukia ndani ya chupa iliyozibwa huongeza shinikizo la karibu angahewa moja kwenye nyuzi 10. Chupa iliyo kwenye nyuzi 30 hupata zaidi, kwa sababu gesi haipendi kubaki ndani ya kimiminika chenye joto. Vijiko sita kwa lita, gramu 24, ndicho kiasi cha sukari kinachotiwa shampeni ya Ufaransa kwa makusudi, na shinikizo lake hufika angahewa sita. Tairi la gari dogo huwa na mbili na kitu.

Shampeni hutengenezewa chupa yake, nene, yenye uzito unaopita gramu 800 ikiwa tupu, na kizibo kinachofungwa kwa waya. Hata hivyo ilichukua muda mrefu kuizoea. Kabla watu hawajajua kupima sukari iliyobaki, chupa zilipasuka kwa wingi kwenye maghala ya Champagne, na wafanyakazi walivaa vinyago vya chuma usoni walipopita katikati ya rafu. Katika miaka ya 1830 mfamasia wa Châlons, Jean-Baptiste François, alionyesha namna ya kupima sukari iliyomo kwenye mvinyo ili mtu ajue aongeze ngapi, na kazi ile ikaanza kuwa ya hesabu.

Chupa zetu si zile. Ni chupa za mvinyo wa kawaida, za pombe kali zilizookotwa na kuoshwa, wakati mwingine mitungi ya kachumbari. Hazikutengenezwa kubeba shinikizo lolote, na zikipasuka hutuma vipande vya kioo chumba kizima. Mtoto anayecheza sebuleni hajui kabati lina nini. Kwa sababu hiyo sikubaliani na anayesema "weka tu, utaona." Kama lazima uweke kabla hujawa na uhakika, weka kwenye chupa za plastiki, ambazo hukuonya kwa kuwa ngumu, na unaweza kufungua kizibo polepole.

Ukitaka kuuza, kumbuka pia kwamba mnunuzi atakuwa na chupa hiyo nyumbani kwake, mahali usipoweza kwenda kuikagua. Leseni na alama ya TBS vinahitajika, na mvinyo uliothibitika kwisha ni hatua ya kwanza ya kuelekea huko.

13. Unapenda mtamu? Maliza kwanza, ongeza baadaye

Wengi husimamisha mvinyo njiani kwa sababu wanautaka mtamu. Kuuweka kwenye friji huilaza hamira, hakuiui. Unga wa metabisalfaiti unaouzwa na wauza vifaa vya mvinyo hauwezi kuzima hamira iliyochangamka. Potasiamu sobeti huizuia isizaliane, ila ile iliyomo tayari itaendelea kula.

Njia salama ni kuuacha ukauke kabisa kwa namba tatu zilizo sawa, uhamishe kwa mpira kwenye chombo safi ukiacha mashapo nyuma, uuache utulie wiki kadhaa, uhamishe tena, kisha ndipo utie metabisalfaiti na sobeti kwa vipimo vya kwenye pakiti, na sukari yako mwisho. Fanya jaribio la chupa ya soda upya baada ya kuongeza sukari, kwa wiki mbili safari hii. Kama hutaki kutumia dawa hizo, weka mvinyo mkavu kwenye chupa, na utengeneze shira nene ya sukari, maji sawa kwa sawa, uihifadhi kwenye friji. Kila anayekaribishwa atie kijiko kwenye glasi yake mwenyewe.